Mapigo Yanakatika Saa Tisa

"Twaha, saa umevaa?"

"Nimevaa, mke wangu."

"Muongo! Simu yangu inasema umevua!"

Naima akakata simu. Alishachoka na mwanaume huyu. Ile saa janja alimnunulia mwenyewe Kariakoo, yenye laini, inayotuma mapigo ya moyo wa mume mpaka kwenye simu ya mke. Muuzaji alimweleza mengi, chaji inakaa siku ngapi, ipi inahimili maji na ipi haihimili. Dada wa watu akauliza moja tu: "Nitamwona?" Akachukua ya bei chee.

Wiki ya pili sasa, kila saa sita na nusu mchana mapigo yanakatika. Saa tisa na dakika arobaini, tena. Mtu anayevua saa mchana anavua na nini kingine?

Meseji ikaingia: "Tutaongea nyumbani. Sio unavyofikiria."

Akajibu: "Nyumbani kwa nani? Nataka talaka yangu."

Kesho yake, saa tisa na dakika arobaini, akashuka kwenye bajaji Kurasini, kwenye yadi ya makontena anakofanya kazi Twaha. Alimkuta uani kakunja suruali, mikono inachuruzika maji. Mzee Fakihi, mlinzi, anammiminia kwa kopo. Saa iko juu ya tofali.

"Shikamoo mzee. Wewe, yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo unayemvulia saa!"

"Natia udhu, Naima. Karatasi yake imeandikwa isiguse maji. Ingekufa, ungesema nimeiua makusudi."

"Udhu? Wewe? Miaka mitatu kila nikikwambia ukaswali, unasema umechoka!"

Twaha akainama.

"Sikuwa nimechoka. Nilikuwa sijui. Siku ya posa nilimdanganya baba yako kwamba naswali, nisikukose. Mzee ndo ananifundisha. Naona haya kuanza mbele yako."

Naima alitaka kuendelea kugomba, hasira ikakataa. Aibu ilimkamata vibaya sana.

"Na wewe nawe! Si ungesema tu?"

"Na ile talaka?"

"Talaka gani? Maliza udhu, mzee anakusubiri."

Jioni, nyumbani Temeke, simu ikalia: saa imevuliwa.

"Twaha! Niachie na mie maji!"

Mume akasimama mbele, mke nyuma. Akaanza kusoma polepole, anasita, anarudia. Naima, mwanamke asiyejua kusubiri chochote, alimsubiri.