Samaki wa Sita

Bi Barka alipoondoka kwenda Kizingitini kumuuguza dada yake Ummu, alimwachia Nerea, mpangaji wake, nyumba nzima, ufunguo wa mlango wa nje, na samaki watano.

Walikuwa samaki wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, wakiishi ndani ya birika la mawe katika chumba cha kuogea, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za zamani za kisiwa cha Amu. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika palijengewa bakuli la kauri, ili maji yakikauka au birika likisafishwa, samaki wawe na pa kukimbilia.

“Wape chembe za mkate asubuhi,” Bi Barka alimwelekeza. “Mai yakishuka, ongeza. Na usinyamae ukiwa nao. Wapenda sauti ya mtu.”

“Wanaitwa nani?” Nerea aliuliza.

Bi Barka alicheka. “Samaki hapewi ina, mwanangu. Huambiwa ndoo, akaya.” Nerea alikwisha kuzoea Kiamu: ina ni jina, ndoo ni njoo, akaya ni akaja.

Nerea alikuwa mwalimu, mzaliwa wa upande wa Kisumu, aliyeletwa Amu mwanzoni mwa mwaka 1965 kufundisha shule ya wasichana. Mumewe, Patroba, alikuwa askari polisi Nakuru na uhamisho wake ulikuwa bado haujatoka. Miezi miwili kabla ya safari walikuwa wamemzika binti yao wa pekee, mtoto wa miezi minne, kwa homa ya siku tatu. Mjini Amu aliyejua habari hiyo ni mmoja tu, mwalimu mkuu Fanuel, mtu wa kwao, naye hakuwahi kuigusia.

Wiki ya kwanza aliwalisha samaki kwa sababu aliahidi. Wiki ya pili alianza kuwatambua: mwenye mkia uliochanika, mwoga asiyekuja ila wenzake wakishashiba, mlafi aliyeruka karibu atoke majini. Aliwaongelesha Kijaluo, akiwasimulia vituko vya wanafunzi wake, nao wakapanda juu wakachezesha vinywa kana kwamba wanajibu. Akitoka shule sasa alitembea haraka. Mchana mmoja alijisikia akicheka peke yake, ameshika kata ya maji mkononi, akakumbuka kwamba hakuwa amecheka tangu mazishi.

Jumatatu asubuhi, wiki ya tatu, samaki walikuwa sita.

Alihesabu tena. Wa sita alikuwa mweupe kama ukucha, ametulia chini wakati wenzake wakizunguka. Birika lilijazwa kwa ndoo, na ndoo zilitoka kisima cha uani. Huenda aliingia humo, Nerea alijiambia. Akainama amwone vizuri. Yule samaki akamtazama, akafumba macho, akafumbua.

Nerea aliwahi kufundisha somo la viumbe. Alijua samaki hana kope.

Angeogopa, lakini samaki yule alipanda polepole mpaka kwenye mkono wake, akaacha mkate, akaishika ncha ya kidole chake kwa kinywa kilaini kisicho na meno, akafyonza. Akafyonza hivyo kwa muda mrefu, kwa mapigo yaleyale aliyoyajua. Neno likamtoka Nerea kabla hajafikiri.

“Akeyo,” alisema.

Lilikuwa jina la mwanawe.

Tangu hapo mambo yaligeuka kidogo kidogo. Wale watano waliacha kupanda juu. Walijibana ndani ya bakuli la kauri, vichwa ndani, mikia nje, na chembe za mkate zikaoza juu ya maji. Viluwiluwi vikajaa. Chumba cha kuogea kikaanza kunuka maziwa yaliyoganda kwenye nguo ya mtoto, harufu aliyoifua kwa sabuni huko Nakuru mpaka vidole vikachubuka. Na Alhamisi, akiwa mbele ya darasa la nne, alihisi kifua kikimvuta na gauni likilowa. Maziwa yalikuwa yamekauka miezi mingi. Aliwaaga wanafunzi akisema kichwa kinamuuma, na hakurudi shule siku hiyo wala kesho yake.

Fanuel alikuja kubisha. Nerea alimjibu kwa ndani ya mlango, kwa sauti ya chini.

“Ninaumwa kidogo, mwalimu.”

“Nani analia humo?”

“Hakuna mtu.”

“Nimesikia mtoto, Nerea.”

“Ni kwa jirani,” alisema, akangoja mpaka nyayo zake zikapotea.

Jumamosi saa sita mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umenyamaza kwa joto, kilio kile kikaja tena, si cha njaa bali kile chembamba cha usiku wa tatu wa homa, na Nerea akaingia chumba cha kuogea akapiga magoti kwenye ukingo wa birika, akaona kwamba samaki alikuwa sasa na urefu wa mkono, na kwamba mapezi yake mawili ya mbele yalikuwa yamegawanyika ncha tano tano, na alijua, moyoni alijua kabisa, kwamba kitu hicho hakikuwa mwanawe, lakini mikono yake ilikuwa imeshaingia majini hadi viwiko, hadi mabega, na maji yalikuwa na vuguvugu la kitanda kilicholaliwa, na kitu kikamshika shingoni kwa upole, upole wa mtoto anayetaka kubebwa, kikaanza kumvuta.

Mkono mwingine ulimkamata gauni kwa nyuma ukamtupa sakafuni.

Alikuwa Bi Barka, bado ana buibui la safari na vumbi la njia ya bandari ya Mtangawanda miguuni. Alichungulia birikani, akaona mikia mitano iliyokonda ikitetemeka bakulini, akaona na kilichokuwa juu yao. Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi.

“Inuka, twende. Usikipe mgongo.”

Bi Barka alimleta Jeilani, msomi wa kufukuza pepo. Nerea alitegemea shehe mwenye ndevu. Aliyekuja ni mfua bati wa mtaa wa Langoni, kijana wa miaka thelathini, kucha nyeusi kwa risasi ya kuchomelea, aliyerithi kisomo kwa babake bila kukitaka. Ilipofika alasiri alikuwa amechoma ubani na kusoma mpaka sauti ikakwaruza, na jasho lilimtiririka kama mtu aliyebeba mzigo. Ndani ya maji pakawa kimya. Kisha kitu kile kikacheka, cheko la mtoto anayetekenywa.

Jeilani alirudi nyuma hatua moja. “Mulimpa ina?” aliuliza.

“Mimi nilimpa,” Nerea alisema.

“Ina la nani?”

“La mwanangu. Alifariki.”

Jeilani alifunga macho. “Huyu hakuwa na lake. Ndiyo maana alikuwa mdogo. Sasa analo, na hatoki mikono mitupu. Ataka aondoke na ina, au na alompa.”

“Akilichukua, mimi nitabaki na nini?”

Bi Barka alimshika mkono. “Wabaki wewe,” alisema.

Nerea aliwatazama wale watano. Yule mwoga alikuwa amelala ubavu, kinywa kikifunguka na kujifunga. Aliwaahidi mkate, na kwa siku sita hakuwatupia jicho. Akaenda mpaka ukingoni, akakitazama kile kitu machoni, nacho kikafumba na kufumbua kope.

“Jina nimekupa,” alisema. “Nenda nalo.”

Jeilani akachomoa kizibo. Maji yakaanza kuzunguka, na kitu kirefu, kipana kuliko tundu lenyewe, kikashuka nayo kwenye mfereji, na kilio chake kikapita chini ya sakafu, chini ya miguu yao, chini ya kizingiti, mpaka mtaani, ambako punda aliyefungwa alikata kamba akatimka. Birika likabaki tupu. Ndani ya bakuli, katika maji yasiyojaza kikombe, samaki watano walikuwa wakihema, na Nerea akapiga magoti akawakinga kwa viganja viwili mpaka Bi Barka alipoleta ndoo ya maji mapya.

Walipona wote, hata yule mwoga. Harufu iliisha baada ya siku mbili. Jumatatu Nerea alirudi shule, na saa ya mapumziko Fanuel alimwita ofisini, akafunga mlango, akavua miwani.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilinyamaza nikidhani ninakusitiri. Mtu akifiwa anataka mtoto wake atajwe.”

“Mtaje, basi,” Nerea alisema haraka, kwa maana tangu Jumamosi alikuwa akilitafuta jina lile na asilipate.

Fanuel alilitaja. Nerea aliona midomo yake ikifunguka na kujifunga, na alichosikia ni maji yakimwagika kwenye jiwe.

“Tena,” alisema.

Fanuel alirudia, polepole, kwa upole mwingi. Maji yakamwagika.

“Umenisikia?” aliuliza.

“Nimesikia,” Nerea alisema, akamshukuru, akaenda kugonga kengele.