Wifi Alijua Mwanangu Ameanguka

Nina miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja, na ninauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Siku hiyo nilivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kwenye msiba wa shangazi. Mwanangu Neema, mwenye miaka minne, nilimwachia wifi yangu Kabula, mdogo wa mume wangu, tuliyekuwa tukiishi naye. Nilimwamini kama tumezaliwa tumbo moja.

Niliporudi mchana nilimkuta Neema amelala, ametapika. Wifi akasema ni maembe mabichi. Nilipomwamsha aliniangalia kama hanijui! Nikambeba mbio hadi hospitali, wifi akinifuata nyuma.

Nesi aliniuliza kama mtoto amegonga kichwa. Nikakataa. Niliapa kabisa, nikasema ni maembe tu, au labda malaria.

Hakubishana nami. Alimwita mtoto jina, akampa vidole viwili, akamwambia avibane, akammulika machoni kwa tochi. Baada ya muda mfupi akarudia yale yale. Kwa nini anarudia? Mwanzo Neema aliitika. Kisha akawa anaguna tu akibanwa ukucha. Halafu... kimya. Mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka kuliko ya pili. Nesi akaagiza daktari aitwe haraka.

Akamgeukia wifi, akasema taratibu, "Dada, sikuulizi ili ufungwe. Nataka kumsaidia mtoto. Alianguka?"

Wifi akaanza kulia. "Alianguka kutoka juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Alizimia kidogo, akaamka, akacheza. Nikajua yameisha. Niliogopa kaka atanifukuza."

Kumbe nilipokuwa naapa, alikuwa amesimama pembeni yangu, ananisikiliza!

Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu. Neema alipelekwa kupasuliwa, nami nikakaa sakafuni, nashindwa hata kuomba. Kila mlango ulipofunguliwa niliziba masikio nisiambiwe.

Mwanangu yu hai. Lakini mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno mengine humpotea. Kijiko hukiita "ile". Wifi amerudi kwao. Hunipigia simu kuomba msamaha... bado sijaweza kupokea.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mtoto akigonga kichwa, hata akiamka akacheza, msinyamaze. Mpelekeni hospitali, mkaseme ukweli wote, hata kama aliyekosea ni wewe. Hasira za ndugu zitapoa. Mimi siku ile hospitalini nilimwita mwanangu jina lake, na hakuniitikia.