Mleteni Jioni

Jumanne, tarehe 12 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Chiriku, binti wa miaka tisa, aliruka madimbwi mpaka shuleni. Jioni alirudi akishika kuta, unyayo umepinda kwa ndani.

"Asubuhi swala, jioni kobe!" alicheka shangazi yake, fundi cherehani. "Vyombo vikishaoshwa, mtaona atakavyopona."

"Wifi, mtoto hajifanyi," alisema mama yake Chiriku.

"Mbona hospitali hawaoni kitu?"

Ni kweli hawakuona. Kila mara wazazi walimpeleka mapema kuwahi foleni, na Chiriku alitembea vizuri mbele ya madaktari. Sasa baba yake alitaka kumwachisha shule. Mama akaomba, "Ee Mungu, tupe mtu wa kutusikiliza."

Wiki hiyo walipelekwa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alimtazama Chiriku akitembea, kisha akauliza, "Shida huanza saa ngapi?"

"Jua likishuka," alijibu mama.

"Basi mleteni jioni. Na ndugu waje."

Jioni Chiriku aliingia kwa daktari mgongoni kwa baba, mama na shangazi wakifuata. Daktari aliupima mguu wake, akauliza, "Nani mwingine katika ukoo ana shida hii?"

Shangazi alivuta mguu wake chini ya kiti.

"Dada," alisema baba, "mbona jioni hukanyagi cherehani?"

"Huo ni uzee!"

"Uzee gani huo, ulioanza usichanani?"

Shangazi mwenyewe akacheka.

"Hakuna aliyelogwa wala mvivu," alisema daktari. "Zamani mgonjwa mmoja aliniuliza, 'Kwa nini mimi na dada yangu?' Tangu hapo natibu watu, kisha naingia maabara kutafuta chanzo cha magonjwa ya ubongo yanayopita katika ukoo."

"Umekipata?" aliuliza Chiriku.

"Cha wengine bado. Chako, nadhani ndiyo. Fundi, karatasi ya kukatia nguo ikiwa na kosa?"

"Nguo nayo itakuwa na kosa."

"Mwili nao una maelekezo yake, yanaitwa jeni. Tunayarithi kwa baba na mama. Wengine hurithi kosa, wengine hawarithi. Kosa hili hupunguza kemikali ya ubongo inayosaidia miguu kutembea. Usingizi huirudisha kidogo. Jioni imepungua tena. Dawa ipo. Damu tutaipima tuhakikishe."

Chiriku alianza vidonge. Baada ya siku chache aliosha vyombo vyote vya jioni, wima, akiimba. Mama alipiga magoti pale pale jikoni. Alimshukuru Mungu, akamwombea daktari na miaka yake yote ya kutafuta.

Majibu ya damu yalithibitisha. Siku ya kurudi kliniki, shangazi alimkumbatia Chiriku, kisha akasimama mbele ya wote.

"Kaka, wifi, daktari, nisikilizeni, na Mungu ananisikia. Nilimcheka mwanangu kwa ugonjwa nilionao mimi. Leo natoa damu ipimwe. Kisha nitakwenda kwa ndugu zetu wote, mlango kwa mlango, niwaambie ugonjwa huu unajulikana na una dawa. Naahidi."