Gari Lililokaa Siku Tisa

Haya yalimfika mkwe wa rafiki yangu, fundi wa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, mtu asiyejua kutunga uongo. Gari la kaka yake lilikutwa njia ya porini, milango wazi, propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini magurudumuni, imekatika, mwenyewe hayupo. Wakalikokota hadi gereji, likakaa siku tisa likingoja propela nyingine.

"Shemeji, leo litatembea?" aliuliza mke wa kaka yake. "Nataka nikamtafute mume wangu mimi mwenyewe."

"Litatembea. Nimwage kwanza oili ya giaboksi."

"Haya harakisha, maana wewe kwa kujivuta hujambo!"

Fundi akacheka, akashuka shimoni chini ya gari. Nje mchana kweupe, mle giza totoro. Juu ya kichwa chake akasikia mlio mdogo: tik... tik... tik. Aliujua. Ni mlio wa chuma kinachopoa baada ya safari ndefu.

Propela mpya ilikuwa bado mezani, ndani ya karatasi zake.

"Shemeji," aliita taratibu, "nani kaliwasha?"

"Aliwashe nani, na ufunguo ninao mimi tangu siku ile?"

Akalegeza bolti. Oili ikamchuruzikia kiganjani, akapiga yowe. Ilikuwa inafuka moshi.