Taa Zilicheza, Wakasema Ni Vita!

Nina miaka hamsini na mbili. Masomo niliachia quatrième primaire, darasa la nne, kwa hiyo kama mwandiko wangu unapinda mutanisamehe. Ninaishi Bagira, hapa Bukavu, katika chumba kimoja cha kupanga. Zamani nilikuwa na nyumba, nilikuwa na mume, nilikuwa na mama mukwe aliyenipenda kama mutoto wake wa tumbo. Vyote vitatu vilienda sababu ya waya. Ndiyo, waya! Waya moja na watu wawili, nao nitawataja majina. Wa kwanza ni Déogratias, mudogo wa mume wangu. Wa pili ni Sifa, jirani niliyekuwa ninamuita rafiki. Wakisoma, wasome! Ninamaliza kusema, halafu waje wanishitaki.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, waasi wameshika muji. Mume wangu, Papa Neema (Neema ni binti yetu), alikuwa ameenda Shabunda kuchimba dhahabu, na barabara ikafungwa nyuma yake. Siku ya kuondoka alinikamata mikono yote miwili. Akasema: "Maman Neema, nakuachia mama, nakuachia nyumba. Bingine hata bikipotea, haina neno."

Mama yake sisi tulimuita Koko. Alikuwa anatembea na fimbo, macho yamechoka, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana!

Aliyebaki kutuangalia ni Déo. Kutuangalia... nacheka! Kwetu, mume asipokuwapo, mudogo wake ndiye mwanaume wa nyumba, awe na akili ama awe kichwa kitupu. Déo aliwahi kubebea mafundi wa umeme ngazi yao, miezi michache tu. Toka pale akaweka koleo kwenye mufuko wa nyuma wa suruali na kutaka watu wamuite Ingénieur. Ingénieur wa ngazi!

Sasa taa zikaanza kucheza. Nyumba yetu ilikuwa na giza hata mchana, kwa hiyo ampoule ya salon tulikuwa tunaiacha inawaka. Saa kumi za mchana hivi, ilikuwa inafifia, inaruka, inafifia tena, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Nikamuita Déo. Alitazama ampoule toka mlangoni, mikono kiunoni, hata kiti hakupanda.

"Shemeji, hii ni vita," akasema. "Kule ku barrage, kwenye maji yanatengeneza umeme, courant imepunguka. Bagira yote iko vile."

Bagira yote? Nilienda kuuliza majirani wa mbele: taa zao zilitulia. Nikarudi kumuambia. Akacheka mbele ya watu: "Mwanamuke wa quatrième primaire anataka kufundisha Ingénieur courant!" Watu wakacheka naye. Na mimi, mujinga, nikacheka pia.

Lakini wasomaji, vita ilikuwa dawa ya kila muvivu siku zile! Mwalimu haji shuleni, vita. Mutu amekula chakula cha wagonjwa, vita. Fundi hataki kupanda kiti kutazama waya, vita! Vita ilituua kweli, sikatai, niliona kwa macho yangu. Lakini nyuma yake wangapi walijificha?

Hapa nitubu kosa langu la kwanza. Siku moja taa iliruka sana, nikakasirika, nikapiga compteur, kile kisanduku cha umeme ukutani, kwa kandambili. Taa ikatulia! Nikapiga siku nyingine, ikatulia tena. Koko akapenda ule muchezo. Kila taa ikiruka, alikuwa anasimama, anapapasa ukuta, anapiga kile kisanduku kwa fimbo yake na kusema: "Amuka, muvivu!" Taa inarudi, naye anajisifu: "Mumeona? Ingénieur ni mimi!" Tulicheka mpaka machozi. Hakuna aliyejiuliza: kitu kizima kinapigwa ili kifanye nini?

Halafu Sifa akaenda matanga Nyantende. Sifa alikaa nyuma yetu, ukuta kwa ukuta. Tulisukana nywele, tuliombana chumvi. Alikuwa anakaanga mikate ya kuuza. Siku sita alizokaa Nyantende, taa yangu haikutikisika hata mara moja. Ilitulia kama maji ndani ya beseni. Nikasema, asante Mungu, barrage imepona!

Siku ya saba Sifa akarudi, matope ya Nyantende bado kwenye viatu, akamuletea Neema kipande cha muwa. Saa kumi, taa... ikaruka! Na pale pale harufu ya mafuta ya mawese ikaingia dirishani.

Nikasimama katikati ya salon. Harufu inakuja, taa inaruka. Harufu inaisha, taa inatulia. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile. Sifa hakuwa na umeme kwake, yeye mwenyewe aliniambia anapikia makala, makaa ya miti. Lakini wapi moshi wa makala? Sijawahi kuuona!

Nikaenda kumuita Papa Kizito, muzee aliyefanya kazi ya umeme tangu ujana wake, sasa amestaafu. Alishusha disjoncteur, ile swichi kubwa ya kukata umeme wa nyumba, akapanda kiti, akafungua plafond, dari ya juu ya compteur. Akaniita: "Maman, panda uone."

Niliona. Waya yetu ilikuwa imechubuliwa, na juu yake waya nyingine imesokotwa kwa vidole, imefungwa kwa sashe, mufuko wa plastiki wa sukari, na kipande cha kawuchu, mupira wa baisikeli. Sashe ilikuwa imeyeyuka. Mbao pembeni imekuwa nyeusi. Na ile waya ya kigeni ilienda moja kwa moja mpaka ukuta wa Sifa, kwenye resho yake, jiko la umeme linalokula courant nyingi!

Papa Kizito akasema maneno ambayo sitasahau: "Hii haiko vita, maman. Hii ni mukono ya mutu. Mafundo haya yamelegea, ndiyo maana ukipiga yanagusana tena, na kila yakigusana yanatoa moto. Usiinue disjoncteur mpaka nirudi kesho na domino, nifunge vizuri kama batu wa kazi." Domino ni kile kidude cha kukaza waya kwa vis, skurubu. Kitu kidogo kama kidole cha mutoto! Kidude kile kingeniachia maisha yangu.

Hata saa moja haikupita. Sifa aliingia analia, unga hadi viwiko: "Maman Neema, weye rafiki yangu, unanikatia courant wakati unga umeshaumuka?" Hakuona hata haya! Nyuma yake Déo, mudomo bado unang'aa mafuta. Ndipo nilielewa ile waya aliifunga nani. Shemeji yangu alikuwa anakula kwa Sifa kila jioni, na Sifa anapikia umeme wetu. Nyumba ya kaka yake aliitoa kwa mikate!

Nikamuambia Déo maneno ya Papa Kizito. Akatema mate: "Ule muzee amesahau kazi, anaogopa hata tochi. Kaka yangu aliniachia mimi hii nyumba, hakukuachia weye!"

Akanyoosha mukono. Akainua disjoncteur.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesimama pale, karibu naye kuliko mulivyo karibu na karatasi hii. Nilinyamaza. Niliogopa ukoo utasema nimetukana shemeji mume akiwa mbali. Niliogopa kurudishwa kwetu. Nikajiambia, si kesho Papa Kizito anakuja?

Kesho yake risasi zililia upande wa Kadutu. Kesho kutwa pia. Papa Kizito, anayekaa upande ule, hakuweza kuvuka. Siku ya tatu palitulia, na maji yalikuwa yamekwisha. Nikamuacha Koko kwenye kiti chake, nikashuka na Neema kwenye chemchemi. Nilitoka saa tisa, nikasema nitarudi mbio. Kumbe kule kulikuwa na watu wengi, wote waliofungiwa ndani siku mbili...

Tulipokuwa tunapanda niliona moshi. Nilitupa bidoni ya maji, nikakimbia. Plafond yote ilikuwa inawaka. Wanaume walivunja mlango, wakamutoa Koko. Moshi ulikuwa umeshamumaliza. Alikuwa amelala chini ya compteur, fimbo mukononi.

Jirani wa upande wa kushoto aliniambia alimusikia kupitia ukuta. Taa ilikuwa inaruka, na Koko alikuwa anapiga, anapiga, anasema: "Amuka, muvivu! Amuka!"

Mimi ndiye niliyemufundisha kupiga.

Sasa sikieni uchafu wa binadamu. Kwenye kilio, Déogratias alisimama mbele ya watu, kitambaa machoni, akasema: "Mama ameuawa na obus. Ni vita!" Obus gani? Bomu gani la muzinga? Ukuta haukuwa na tundu! Lakini watu wakatikisa vichwa: vita, vita, pole sana. Sifa akaleta mikate ya waombolezaji. Mikate! Alikuwa ameikaanga wapi, nani alimuuliza? Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mwenye kunyamaza mara moja, mara ya pili inakuwa rahisi.

Mume wangu alirudi barabara ilipofunguka, amekonda, begi moja, akakuta nyumba imebaki kuta. Déo alimupokea na ile hadithi ya obus. Jioni ile ile nilimuambia ukweli wote, toka harufu ya mawese mpaka sashe iliyoyeyuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza neno moja tu:

"Wakati Déo alinyoosha mukono, weye ulikuwa wapi?"

Nikasema: "Nilikuwa pale."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliweka shati zake ndani ya lile begi akaenda. Nasikia yuko Kamanyola, ana mwanamuke mwingine. Simulaumu.

Déo bado anatembea Bagira na koleo mufukoni. Bado wanamuita Ingénieur! Wajinga hawaishi. Sifa aliolewa naye. Na mwaka uliopita, munajua nani aligonga kwangu? Sifa! Amezeeka, macho chini. "Maman Neema... taa za nyumba yetu zinacheza. Déo anasema ni barrage." Nilimuangalia sana. Nilitaka kumuambia: mupige na fimbo! Maneno yalifika kwenye meno. Lakini ana wajukuu watatu wanaolala ndani ya ile nyumba. Nikachukua domino mbili, nikamufuata. Nilishusha disjoncteur mimi mwenyewe, nikaita fundi wa kweli, na nilisimama mbele ya disjoncteur mpaka alipomaliza. Asante sikuingoja, na chai yao sikuinywa.

Ndugu zangu, taa ikicheza kwako, usiipige, usiizoee, usiicheke. Uliza: inacheza saa ngapi? Jirani anawasha nini? Harufu gani inaingia? Shusha disjoncteur, ita mutu anayejua kazi, hata kama ni muzee wanayemucheka.

Na akija mwingine kuiinua, awe shemeji, awe chifu, awe nani... kamata ule mukono! Wakufukuze, wakuite mwanamuke mubaya, lakini ukamate. Mimi sikuukamata, na kila saa kumi za mchana ninasikia fimbo ikigonga.