Matundu ya Boriti

Katika karakana ya mwanangu, hakuna aliyenishinda kwa kujituma. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshafika kazini. Kusema kweli, mahali pangu pa kazi palikuwa kiti cha kuegemea chini ya boriti ya mlangoni, na kazi yenyewe ilikuwa kusinzia. Wakubwa wangu walikuwa nyuki weusi wanene waliotoboa boriti ile, wakaninyunyizia unga wa mbao kwenye chai.

Mwanangu ndiye fundi mkuu. Msaidizi wake tulimwita Kijiti, kwa sababu ya unene wake. Siku za likizo, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili aliwapelekea chai. Mama yake, binti yangu, alifariki miaka mitatu iliyopita, akatuachia mtoto huyo na mpasheni alioupanda ukutani. Kila msimu mtoto alipasua tunda la kwanza, akalinusa kwanza. “Mikono ya mama ilinukia hivi,” alisema.

Mwaka huu maua yalikuwa yakichanua na kudondoka. Halikufunga hata tunda moja.

“Jumamosi naukata,” mwanangu alisema, macho kwenye randa yake. “Nahitaji pa kuanikia mbao. Halafu, mama, kuuona mti wa dada yangu hivi kunaniuma.”

Mtoto hakulia. Afadhali angelia. Kesho yake, saa nne, mafundi walipokaa kunywa chai, alipanda juu ya stuli akiwa na ua mkononi.

“Wajomba, naomba dakika kumi.”

“Tano,” Kijiti alisema. “Chai yangu ikipoa nakushtaki kwa bibi yako.”

“Ua hili ni kubwa. Nyuki mdogo anapita chini, anakunywa, anaondoka bila kugusa chavua. Anatakiwa yule mweusi mnene, mgongo wake ndio unaofika. Walikuwa wanaishi kwenye boriti. Sasa hawapo, na matunda hayapo. Viumbe wa kila aina wakitegemeana hivyo, mwalimu anasema ndiyo bioanuwai.”

“Jina refu kuliko ngazi yetu! Linatuhusu nini sisi maseremala?” Kijiti alidakia.

“Huo mvule unaoupiga randa, mjomba, huenda mbegu yake ilibebwa na popo. Popo wakiisha, wewe utaranda nini?”

Kijiti aliutazama ubao kama vile popo angetoka humo.

“Wamekwenda wapi wale nyuki? Au kuna aliyewaua?” mwanangu aliuliza.

Mtoto alitutazama mmoja mmoja.

“Labda walihama,” nikasema. “Si mnakumbuka ule upepo mkali? Hata kilemba changu cha zambarau ulikipeperusha.”

Mwanangu aliinuka, akaleta brashi ndogo mpya ya vanishi. “Tuoneshe, mpwa wangu. Mgongo wa nyuki unafanyaje?”

Basi wiki nzima mngewaona wanaume wazima juu ya ngazi, wakihamisha chavua kwa brashi kutoka ua moja hadi jingine. “Mke wangu asinione,” Kijiti alinong'ona. Jumamosi ilipita, panga halikutolewa. Baada ya wiki mbili tulihesabu vitunda tisa. Zamani tulikuwa tukijaza ndoo.

“Tisa tu,” mwanangu alisema. “Sisi watatu, na ngazi, na brashi, tumeshindwa na nyuki wachache. Tulidhani karakana hii ni yetu peke yetu. Kumbe wale nao walikuwa mafundi hapa, na kazi yao hatuiwezi. Kabla hujaua kiumbe, uliza kwanza anafanya kazi gani.”

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa nguvu kuliko wote.

Mwanangu akaegemeza gogo kavu ukutani, huenda nyuki wengine wakaja. Mtoto naye akapanda ngazi na msumari mrefu kuyasafisha matundu ya boriti, juu kabisa ya kiti changu. Nilijifanya nimesinzia. Nikamsikia akivuta kitu, akasita. Akavuta kingine. Kisha akashuka taratibu.

Nilipofungua jicho moja, alikuwa amesimama mbele yangu, machozi yanamtiririka. Viganjani mwake mlikuwa na nyuki wakavu, na vipande saba vya kitambaa cha zambarau vinavyonuka mafuta ya taa.

“Bibi,” alisema, “upepo ulijuaje kuziba matundu?”