Avelina na Meno ya Mkia wa Njiwa

Neno lilianzia kwenye mashine ya kukoboa kahawa pale kijijini Mpepai, likamfuata Notburga, mama yake Avelina, mpaka jikoni: "Sanduku la Avelina limefumuka njiani. Mkono wa kike haushiki mbao."

Kweli lilifumuka. Avelina alilitengeneza kwa ajili ya vyombo vya misa. Katekista alilifunga nyuma ya pikipiki, barabara ikalitikisa, misumari ikang'oka. Sasa wazee wa kigango walitaka kazi apewe fundi wa mjini.

"Mwanangu, acha useremala," Notburga alimsihi binti yake. "Watatucheka mpaka lini?"

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume. Siachi, mama."

Basi Notburga, roho juu, akaenda naye kwa jirani yao, Fundi Zabron, seremala kutoka Liuli, kando ya Ziwa Nyasa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Yuko wapi marehemu?"

Avelina akaweka vipande chini. Zabron akavigeuzageuza.

"Ubao mbichi! Umekauka, ukasinyaa, misumari ikabaki inacheza. Mkono wa kike hauna kosa. Chukua ubao mkavu, uchonge meno kama mkia wa njiwa: membamba shingoni, mapana mwishoni. Yakishaingia, ukivuta hayatoki."

Avelina akachora, akakata. Meno yakalegea.

"Umekata juu ya mstari," Zabron alisema. "Tia alama ya msalaba panapotupwa, msumeno upite huko. Mstari ubaki. Na ubao wa pili usiupime kwa rula. Laza meno ya ubao wa kwanza juu yake, uyafuatishe kwa kisu."

Akarudia. Alichimba kwa patasi hadi katikati, akageuza ubao, akamalizia upande wa pili. Safari hii meno yaliingia yakibana.

Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Mansuetus, mmoja wa wazee wa kigango, alilitazama sanduku jipya. "Hili nalo limeshikwa na sala?"

Watu wakacheka. Hapo woga wa Notburga ukageuka hasira. Akafunga kamba pande mbili za sanduku.

"Shika kamba ya huku, baba! Mwenzako ashike ya kule. Vuteni!"

Wakavuta mpaka jasho likawatoka. Sanduku halikulia hata kidogo.

"Imetosha, Mama Avelina," Mansuetus akasema akihema. "Kazi ya kigango afanye binti yako."

"Na aliyesema mkono wa kike haushiki, aje avute naye!"

Wewe mwenye kijana anayejifunza, mkataze haya:

Asitumie ubao mbichi.
Asikate juu ya mstari.
Asipime ubao wa pili kwa rula.
Asitoboe kwa patasi kutoka upande mmoja tu, ubao utachanika.
Meno yakikataa kuingia, asiyalazimishe kwa nyundo. Apunguze kidogo kidogo.

Nawe usimwachishe kazi kwa maneno ya watu.